Nani Ameshika Geti? Mwongozo wa Usalama kwa Anayejenga Nairobi

Mzee mmoja wa Ruai alinipigia simu saa moja kasoro asubuhi. Ana ploti ya futi 50 kwa 100, anajenga ghorofa nne za kupangisha. Jana yake jioni kijana wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, aliteleza kwenye ngazi akiwa na karai la mchanga begani, akavunjika mkono. Lakini swali la mzee halikuwa la mkono.

"Kijana wangu, haya si maneno ya kontrakta?"

"Mzee, kontrakta wako ni nani?"

Akanyamaza kidogo. "Kuna fundi mkubwa. Mimi naleta vifaa, yeye analeta watu. Jioni nawatumia pesa kwa simu."

Basi mzee ndiye mwajiri, na hakuwa anajua. Nimefanya kazi ya kukagua mijengo hapa jijini miaka ya kutosha, na simu kama hiyo naipokea karibu kila mwezi, daima baada ya mtu kuumia. Nimeandika hatua hizi ili uzisome kabla hujamwaga slabu ya kwanza. Ni kwa mwenye ploti, fundi mkuu, fomeni, na pia kwa savea (mpima ardhi) na valua (mkadiria thamani ya nyumba) ambao huingia kwenye mjengo dakika ishirini tu na kudhani sheria haiwahusu.

Hatua ya kwanza: amua nani ameshika geti

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haianzi kwa kumtafuta mwenye hati ya ploti. Inamtafuta yule anayelikalia eneo la kazi, liwe lake au lisiwe lake, na mwajiri anahesabiwa humo humo. Kwa lugha ya mjengo, ni yule anayeamua nani aingie, nani apande juu, na kazi gani ianze leo. Mimi humwita mwenye geti.

Nairobi kuna mijengo ya aina mbili. Ya kwanza, unampa kontrakta aliyesajiliwa kazi nzima kwa mkataba, anaweka fensi, analeta fomeni wake, anaajiri, analipa. Geti ni lake. Ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, ni ile ya "leba tu": simiti, vyuma na kokoto unanunua mwenyewe, fundi analeta watu, na mishahara inatoka kwenye simu yako. Hapo geti ni lako, hata kama unakuja mara moja kwa wiki ukiwa na viatu vya kanisani.

Andikeni ukurasa mmoja kabla kazi haijaanza. Nani anaongoza kazi ya kila siku, nani ananunua helmeti na gambuti, nani amekata bima, nani anaandika daftari, nani anapiga simu mtu akiumia. Wote mtie sahihi. Ukurasa huo hauwezi kukutoa mikononi mwa sheria kama kweli wewe ndiye unayeamuru kazi. Faida yake ni kwamba unamaliza ule ugonjwa wa kila mtu kudhani mwenzake ameshughulikia. Anayeshindwa kutimiza wajibu wake mkuu wa kulinda watu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Na hiyo ni kabla mtu hajaumia.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mchora ramani wako ataanza nazo. Idhini ya ramani kutoka kaunti. Leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo makao yake yako KCB Towers, Upper Hill. Hao ndio pia wanaosajili makontrakta, kuanzia daraja la NCA 1 hadi NCA 8, na kuwatambua mafundi na wasimamizi wa mjengo. Mwambie fundi wako akuonyeshe kadi yake. Kama mhandisi wako bado ananukuu kanuni za ujenzi za mwaka 1968, mkumbushe kwamba Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 1, 2025.

Mbili ambazo watu husahau ni hizi.

Moja, mjengo ni mahali pa kazi kama kiwanda, na mahali pa kazi husajiliwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Makao yao ni Safety House, barabara ya Commercial, Industrial Area. Usajili unafaa kuombwa kabla hujaanza kulitumia eneo. Afisa wao anaweza kuingia kwenye mjengo wako wakati wowote unaofaa, akauliza maswali, akatazama madaftari. Akiona kasoro anaweza kukupa notisi ya kurekebisha. Akiona hatari inayokaribia kuua mtu, anaweza kuisimamisha kazi. Usimtolee bahasha. Mbali na kwamba ni kosa, bahasha haiongezi nguvu ya jukwaa hata kidogo.

Mbili, bima ya WIBA. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya 2007, ambayo kwa kifupi cha Kiingereza ndiyo WIBA, inamlazimu mwajiri kuwa na bima ya kuwafidia wafanyakazi wanaoumia au kuugua kwa ajili ya kazi. Kampuni ya bima hupiga hesabu kwa makadirio ya mishahara utakayolipa, kwa hiyo usimwambie wakala kwamba una watu watano ilhali siku ya slabu una arobaini. Vibarua wa siku nao wawemo. Soma pia ukurasa wa vighairi: kuna bima nimeziona zinazosema kazi ya juu ya urefu fulani haimo, na mwenye ploti wa ghorofa sita akalipia kwa furaha kabisa. Usiichanganye na bima ya jengo lenyewe. Hiyo inalinda ukuta, hii inalinda aliyeujenga.

Karatasi zikishapatikana, zitumike. Jengo la mtaa wa Huruma lililoporomoka usiku wa mvua wa Aprili 29, 2016, kando ya mto, likaua watu zaidi ya 45, lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwa ukutani, wapangaji walikuwa ndani. Hakuna aliyefunga geti.

Hatua ya tatu: tembea ploti ukiwa na kalamu

Sheria inataka tathmini ya hatari. Watu wakisikia hivyo hutafuta mshauri wa kuwaandikia kurasa sitini za kuweka kwenye faili. Kwa mjengo mdogo anza na karatasi yenye safu tatu: nini kinaweza kumuumiza mtu, nani, tunafanya nini na lini. Tembea na fundi mkuu, fundi wa stima, na yule mtu wa mkono aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuonyesha pale watu wanaporuka badala ya kutumia ngazi.

Anza kwa kuangalia juu. Nyaya za stima zinazopita mbele ya ploti leo ziko mbali. Ukifika ghorofa ya tatu na baraza likatokeza nje, ziko usawa wa kifua. Kijana anainua chuma cha mita kumi na mbili, anageuka nacho, basi. Nenda Kenya Power mapema uombe laini ihamishwe au uambiwe umbali wa kujenga. Jibu lao linaweza kuchukua muda, na ndiyo sababu unaomba ukiwa bado kwenye msingi.

Kisha angalia chini. Upande wa Embakasi, Ruai na South C utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta wa shimo uliosimama wima kama umekatwa kwa kisu mwezi wa Februari unaweza kushuka wote Aprili baada ya mvua ya usiku mmoja. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni; usukume nyuma angalau mita moja. Lori la mawe lisikaribie. Shimo likifika kifuani mwa mtu, simama kwanza: ama ukate kuta zake zilale kwa mteremko, ama uzitegemeze kwa mbao. Ngazi iwe ndani ya shimo tangu asubuhi. Isiwe ya kutafutwa mtu anapotaka kutoka mbio.

Uliza majirani ploti ilikuwa na nini zamani. Choo cha shimo kilichofunikwa kwa udongo, kisima, tangi la maji machafu. Hapa nitaweka mkazo kwa sababu tunazika watu wawili wawili: mmoja anateremka kwenye tangi, anaishiwa na hewa, mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anabaki. Hewa mbaya haionekani, na nyingine hainuki. Mtu asiteremke kwenye shimo lililofungika kabla hewa haijapimwa, kamba ya kumvutia haijafungwa mwilini mwake, na mtu wa kuivuta hajasimama juu. Kama huna kipimo, lipa wenye lori la kunyonya maji machafu. Ni rahisi kuliko matanga.

Hatua ya nne: asubuhi getini

Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, na hutakiwi kuvikata kwenye mshahara. Narudia kwa sababu desturi ya "helmeti mia tatu, tutakata Jumamosi" imeenea mno. Nunua helmeti, gambuti zenye chuma mbele, glavu, miwani kwa wakata vyuma, barakoa kwa wanaomwaga simiti kwenye mixa. Nunua saizi tofauti. Nimeona kijana mwembamba amevaa gambuti za namba kumi na moja, amejaza magazeti ndani, anapanda ngazi; viatu hivyo ndivyo vilivyotaka kumwangusha.

Daftari la geti liwe na safu tano: jina, nambari ya simu ya mtu wa nyumbani, kazi ya leo, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Askari wa geti ndiye mwandishi. Wengi huandika ya kuingia tu.

Kabla ya kazi, dakika tano. Zile hotuba za "usalama kwanza" acha, chukua jambo moja la siku hiyo. "Leo tunatoa mbao za upande wa jirani, hakuna kupita njia ile mpaka saa sita." Sema kwa lugha wanayoielewa. Muulize mmoja arudie. Akishindwa, hukueleweka.

Maji safi ya kunywa, choo, mahali pa kunawa, sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani: yote ni matakwa ya sheria, na yote ni ya bei nafuu. Sanduku nyingi nilizofungua mijengoni zilikuwa na plasta tatu, mkasi wa kutu na risiti. Mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza awe kwenye mjengo, na jina lake liandikwe juu ya sanduku.

Usimsahau mama wa chakula. Githeri na chapati hupikwa chini ya jukwaa kwa sababu kuna kivuli, na saa saba mchana watu ishirini wanakaa hapo bila helmeti. Mtafutie kona yake mbali na jengo, umjengee paa la mabati mawili. Sheria inalinda pia wasio wafanyakazi wako: mama huyo, mtoto anayepita kwenda shule, jirani anayeanika nguo.

Hatua ya tano: jukwaa, slabu na winchi

Ukinipa nusu saa tu kwenye mjengo wako, nitaimalizia hapa.

Kanuni za shughuli za ujenzi za mwaka 1984, ambazo watu wa usalama huziita BOWEC, bado ndizo zinazoongoza mengi ya majukwaa, mashimo na ngazi. Jukwaa likaguliwe na mtu anayejua kazi hiyo, kila siku saba, na tena baada ya dhoruba, na matokeo yaandikwe. Mvua ya masika ikipiga Jumamosi usiku, Jumatatu hakuna anayepanda kabla ya fomeni kupanda.

Fomeni anakagua nini? Twende naye. Miti ni ya mkalatusi. Anaigonga: ulio mzima unalia kwa sauti kavu, uliooza unanyamaza. Anaangalia miguu yake. Mguu wa kwanza uko juu ya ubao mpana, vizuri. Wa pili uko juu ya kipande cha tofali, na chini ya kipande kuna kingine, kama vikombe vilivyopangwa, anautoa. Anaangalia viungo: msumari mmoja mahali panapotaka mitatu, na kamba ya katani iliyolowa jana na kulegea leo. Anaangalia kama jukwaa limefungwa kwenye jengo au limesimama kwa imani. Anapanda. Mbao za kukanyagia zimeachana, kiatu kinapita katikati. Mwisho mmoja wa ubao umetokeza mbele ya mti wake bila kushikwa. Ukikanyaga hapo unaruka kama bembea. Hakuna kizuizi cha ubavuni. Popote mtu anapoweza kuanguka zaidi ya mita mbili panataka kizuizi, au pakikosekana pa kukiweka, mkanda wa kujifungia. Na mkanda ufungwe kwenye kitu kitakachomshika. Nimeona mkanda mpya, wa bei, umefungwa kwenye ule ule mti wa jukwaa uliokuwa unatikisika.

Ukaguzi huo unachukua dakika arobaini. Fomeni aandike tarehe, alichokuta, alichorekebisha. Daftari linalosema "sawa" wiki kumi na mbili mfululizo halimdanganyi afisa yeyote. Mjengo wa kweli una kasoro, na daftari la kweli linazionyesha.

Siku ya slabu ni siku ya peke yake. Watu ni wengi kuliko kawaida, nusu yao hawaujui mjengo, mixa inaunguruma, karai zinapanda kwa mkono hadi mkono, na kila mtu anataka imalizike kabla ya giza. Kabla ya zege la kwanza, mhandisi aliyesajiliwa aone vyuma na miti ya kushikilia, na atie sahihi. Muda wote wa kumwaga, mtu mmoja akae chini akiangalia miti, bila kazi nyingine. Akisikia mlio au akiona mti unapinda, ana mamlaka ya kusimamisha wote walio juu, hata mwenye ploti. Zege lisirundikwe mahali pamoja; karai hamsini zikimwagwa kona moja ni uzito ambao miti ya kona hiyo haikupangiwa.

Halafu kuna haraka ya kutoa miti. Fundi anaitaka kwa ghorofa ya juu, na kukodi mingine ni pesa. Siku za kungoja anazisema mhandisi kulingana na urefu wa nafasi na mchanganyiko, na kwa slabu za kawaida wengi hawaruhusu kabla ya wiki mbili au tatu. Vipimo vya nguvu ya zege vya siku ya 7 na ya 28 vipo kwa sababu zege linazidi kukomaa. Kuliona limekauka juu si kipimo.

Winchi ya kupandisha vifaa ikaguliwe angalau mara moja kila miezi sita na mkaguzi aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa DOSHS, na minyororo na kamba zake vivyo hivyo. Unapoikodi, uliza cheti kabla hujalipa usafiri. Ni ya vifaa. Mtu asipande humo, hata akiwa amechoka, hata ikiwa ni ghorofa ya sita.

Hatua ya sita: wape watu mdomo

Mkiwa wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Pia inataka ukaguzi kamili wa usalama na mshauri aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi kumi na miwili. Mkiwa wachache kuliko hapo, wajibu mwingine wote bado uko palepale.

Lililo muhimu kuliko kamati ni hili: mfanyakazi ana wajibu wa kuripoti hatari kwa msimamizi wake, na huwezi kumlazimisha arudi pale penye hatari kubwa kabla hujairekebisha. Huwezi pia kumfukuza kwa sababu amelalamika. Kwa kibarua wa siku hili linasikika kama ndoto, maana hafukuzwi. Kesho asubuhi haitwi tu. Fomeni mzuri huliona. Kijana akisema "boss, ile ngazi inacheza", amshukuru mbele ya wenzake. Wengine watasema wiki ijayo. Akimjibu "wewe umeletwa hapa kuogopa?", hatasikia lolote tena hadi siku ya ambulensi.

Hatua ya saba: mtu akiumia

Turudi Ruai. Mzee alikuwa amempa kijana shilingi elfu tano na kumwambia aende nyumbani Kitui akapumzike. Kwa moyo wake alikuwa amemsaidia. Kwa sheria alikuwa bado hajaanza.

Kwanza, hospitali, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Msumari kwenye mguu nao ni hospitali, kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Kumwagia kidonda mafuta ya taa si tiba; mafuta hayo yaende kwenye jiko.

Pili, eneo la ajali liache lilivyo, ukiondoa tu kinachohitajika kumwokoa mtu. Piga picha. Andika majina ya walioona, na maneno yao siku hiyo hiyo, kabla hawajakaa pamoja jioni na kukubaliana hadithi moja.

Tatu, ripoti. Kifo: mwarifu afisa wa DOSHS wa eneo lako ndani ya saa 24, kisha peleka taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Jeraha lisiloua: taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1. Mwajiri anajaza sehemu yake, daktari yake. Kampuni ya bima nayo iarifiwe mara moja.

Nne, fidia. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba ulizembea. Kinachotazamwa ni kama aliumia kazini. Akishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, anastahili malipo sawa na kipato chake anapouguza, kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili. Akibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu inaanzia kipato cha miezi 96, kisha inachukuliwa asilimia ya ulemavu aliyopimwa. Tuseme kipato kimehesabiwa kuwa shilingi 26,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 2,496,000. Mkono usiokunjika vizuri tena, daktari akisema ni asilimia 10, ni shilingi 249,600. Kama una bima, ni ya kampuni. Kama huna, mzee wangu, ni ya kodi ya nyumba ambazo bado hazijaisha.

Dai liwasilishwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali. Linaanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo Desemba 2019 ilipoikubali WIBA kuwa halali kikatiba. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi ana siku 60 za kupinga kwake, na akijibiwa vibaya ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Namwambia kila kijana anayenipigia: usitie sahihi karatasi ya "nimelipwa, sidai" juu ya boneti ya gari. Na mwenye ploti, usimwandikie. Kulipana pembeni hakufuti wajibu wako wa kuripoti.

Mzee alimrudisha kijana kutoka Kitui, wakaenda hospitali, fomu zikajazwa siku ya tano. Bima hakuwa nayo. Wanalipana kidogo kidogo.

Hatua ya nane: kwa wanaokuja na tepu

Savea, valua, mkadiria majenzi, wakala wa nyumba. Mimi mwenyewe nilianzia huku, na kovu la goti langu la kushoto ni la huku. Nilitumwa kupima nyumba tupu ya zamani Eastlands, peke yangu, ofisi ikinihimiza ripoti ya benki itoke jioni. Nikapanda darini, nikakanyaga bodi badala ya mbao, nikatokea sebuleni. Simu ilibaki darini. Nilikaa pale karibu saa mbili mpaka mtoto aliyekuwa akifuata mpira wake akanisikia.

Kwa hiyo: nyumba tupu haiingiwi na mtu mmoja. Mwachie mtu ofisini anwani na saa ya kurudi, na makubaliano kwamba ikipita atapiga simu. Uliza mapema kuhusu mbwa, kisima na sakafu za mbao. Darini kanyaga mbao tu, ukiwa na tochi ya kichwani ili mikono iwe huru. Mwajiri wako anadaiwa viatu, helmeti na mafunzo hata kama kazi yako unaiona ya ofisi. Ukitoka nje, mahali pa kazi panatoka nawe.

Paa la asbesto usilikanyage wala kulitoboa. Linaonekana gumu, kijivu, lenye mawimbi, na bado liko kwenye nyumba nyingi za zamani za mashirika na za wafanyakazi wa serikali. Likizeeka linavunjika kama biskuti, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Liandike kwenye ripoti, liache. Kulitoa ni kazi ya waliopewa leseni, kwa kufuata mwongozo wa NEMA wa 2011. Ukitaka kuona paa kutoka juu, droni ni njia nzuri, ila nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege chini ya kanuni za 2020.

Ukipima mpaka kando ya barabara, vaa reflekta, weka koni, na awepo mtu wa kuangalia magari peke yake. Anayeangalia kwenye darubini haioni matatu.

Na kwenye mjengo unaoendelea, jiandikishe getini. Fomeni akuongoze, usipande jukwaa ambalo hajaambiwa utapanda. Ukimaliza, rudi getini ujaze ile safu ya mwisho. Saa kumi na moja na nusu jioni, kabla ya kufunga, askari apitishe kidole kwenye safu hiyo kutoka juu hadi chini. Akikuta jina lisilo na saa ya kutoka, asifunge. Achukue tochi, apande ghorofa kwa ghorofa, akiita.